Bibi katoka hospitali, miguu haina nguvu: je, kuna tiba iliyothibitishwa?

BintiMuheza

Habari za jioni ndugu zangu. Naombeni msaada, hasa watu wa fizio na madaktari.

Bibi yangu mzaa mama ana miaka 78. Hadi kabla ya masika alikuwa anapanda mwenyewe shambani kwake kule Amani, anachuma iliki, anarudi na kuni kichwani. Kisha akashikwa na nimonia, akalazwa. Kifua kimepona, eksirei safi, daktari kamruhusu. Tatizo ni miguu. Kuinuka kwenye kigoda hawezi mpaka ashikwe mkono. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, kwa hiyo lazima mtu aingie naye amvute. Anaona aibu sana, na sasa ameanza kujinyima maji ili asiende chooni. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Mapaja yamesinyaa, ngozi inaning'inia. Hana ganzi, mdomo haujapinda, anaongea vizuri, miguu yote miwili imelegea sawasawa. Presha anatumia dawa, sukari hana.

Nyumbani tumegawanyika. Mjomba anasema mzee akifika hapo apumzishwe kitandani, tumpikie uji, nguvu zitarudi zenyewe. Jirani kamleta mtu anayeuza unga wa protini, kopo moja elfu themanini, anadai unarudisha misuli ndani ya mwezi. Binamu yangu kasoma mtandaoni kwamba kuna sindano inakuza misuli ya wazee. Mimi naomba kujua utafiti unasema nini. Sitaki ushuhuda wa mtu mmoja mmoja, nataka utafiti uliofanywa kwa wazee wa umri wake. Na je, kwa miaka 78 misuli inaweza kurudi, au ndiyo imeshakwenda?

TabibuWaKata

Pole sana dada. Kabla ya mazoezi na unga, rudini kituoni mkapime mambo machache, maana si kila ulegevu wa miguu ni wa uzee na kulala. Wingi wa damu, potasiamu, homoni za tezi ya shingoni, vitamini B12 kama inapatikana. Pelekeni dawa zake zote kwenye mfuko daktari aziangalie. Dawa za kushusha lehemu na steroidi za muda mrefu zinaweza kudhoofisha misuli, na baadhi ya dawa za presha zinashusha potasiamu. Na ikitokea upande mmoja ukalegea ghafla, au akashindwa kuzuia mkojo na miguu ikafa ganzi, msisubiri kukuche.

MamaFizio

Mwanangu, nimekusoma. Nafanya kazi ya fizio huku Korogwe, na wazee wanaotoka wodini na miguu ya namna hiyo ndio wagonjwa wangu wengi. Tabibu hapo juu kasema kweli, anzeni na vipimo. Mimi nitakujibu kwa urefu kwa sababu umeuliza utafiti, na utafiti upo, una zaidi ya miaka 30.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo linaloamua mengine yote. Nguvu zinarudi. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston, Marekani, waliwachukua wazee kumi waliokuwa wakiishi kwenye makao ya wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Walikuwa watu dhaifu, wenye magonjwa yao, wengine hawatembei bila kushika kitu. Wakawafanyisha mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu, mara tatu kwa wiki, kwa wiki nane. Uzito wenyewe haukuwa wa kubembelezana. Ulipandishwa hadi asilimia 80 ya uzito mkubwa kabisa ambao mzee husika aliweza kuunyanyua mara moja. Tisa walimaliza, na nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Yaani aliyeanza na kilo 5 anafika karibu kilo 14. Wawili kati yao waliacha mkongojo. Bibi yako wa miaka 78 mbele ya wale ni kijana.

Watu kumi ni wachache, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Ndiyo maana mwaka 1994 timu ileile ilirudi na wazee 100, wastani wa umri miaka 87, wakagawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne: wa mazoezi tu, wa kinywaji cha lishe tu, wa vyote viwili, na wasiopewa chochote kati ya hivyo. Baada ya wiki kumi, nguvu za waliofanya mazoezi zilipanda kwa asilimia 113. Wasiofanya, asilimia 3. Na kinywaji cha lishe peke yake hakikupunguza udhaifu. Hapo ndipo lilipo jibu la kopo la elfu themanini. Sisemi protini haina kazi, nitaifikia. Nasema haijengi paja lililolala.

Kuna jambo lingine katika utafiti huo ambalo napenda familia zilielewe, maana ndilo linalowakatisha watu tamaa mapema. Nguvu ziliongezeka zaidi ya maradufu, lakini ukubwa wa misuli ya paja uliongezeka kwa asilimia 2.7 tu. Sehemu kubwa ya nguvu inayorudi mwanzoni inatoka kwenye mishipa ya fahamu, ambayo inajifunza upya kuita nyuzi nyingi za misuli kwa wakati mmoja. Kwa hiyo usimpime bibi kwa kutazama mapaja. Utayaona yamekonda vilevile, umwambie "mbona hayajajaa", naye atakata tamaa. Mpime kwa anachoweza kufanya.

Sasa habari ya mjomba. Mwambie kwa heshima zake zote kwamba kitanda ndicho kilichomla bibi. Nimonia ilianza, kitanda kikamalizia. Mwaka 2007 watafiti wa Arkansas, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwalaza kitandani siku 10 watu wazima wenye afya nzuri, wastani wa umri miaka 67. Hawakuwa na homa wala kikohozi, na chakula walipewa chenye protini ya kiwango kinachoshauriwa. Katika siku hizo 10 walipoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguuni, na nguvu za kunyoosha goti zikashuka kwa asilimia 16 hivi. Hao ni wazima! Sasa mpe mtu wa miaka 78 homa, hamu ya kula hana, na siku nyingine kadhaa za "mwacheni apumzike" akishafika nyumbani. Mjomba anasema hivyo kwa mapenzi, najua, na kila wiki nakutana na watoto wanaompenda mama yao kwa namna hiyo. Lakini mzee huyu apumzike usiku, na mchana ale, akae, asimame.

Na sindano ya binamu. Nadhani anazungumzia bimagrumab, au dawa za familia yake, zinazozuia ishara za mwili zinazoiambia misuli isikue. Jaribio lake kwa wazee wa miaka 70 na zaidi wenye misuli dhaifu lilichapishwa mwaka 2020, watu 180 katika nchi 13. Waliopewa dawa kwa wiki 24 waliongeza uzito wa mwili usio mafuta kwa asilimia 7 hivi, wenzao wa dawa bandia (ya kulinganishia tu, isiyo na dawa ndani) asilimia 1. Nyama ilikuja kweli. Lakini walipopimwa kusimama, kutembea na kuinuka kitini, hawakuwapita wenzao, na makundi yote mawili yalikuwa yamepewa mazoezi ya nyumbani na lishe. Mimi namba hizo zinanifundisha kwamba nyama na nguvu si kitu kimoja, na kwamba anayeuza chochote kwa maneno "kinaongeza misuli" bado hajakujibu kama bibi ataweza kuinuka.

Nitarudi baadaye na mazoezi yenyewe. Niambie kwanza: bibi ana kilo ngapi, anakula nini kwa siku, na je, akikaa kwenye kiti cha kawaida cha plastiki anaweza kuinuka mikono ikiwa imekunjwa kifuani?

NesiMstaafuMsa

Mama umenena. Mimi nilikuwa nesi wodi ya wanawake huku Mombasa miaka mingi, na tulizoea kumwambia mgonjwa mzee "lala nyanya, usianguke". Nauliza mawili. Moja, mazoezi hayo yanaweza kuanzishwa mgonjwa akiwa bado wodini? Mbili, kuna watu wanawachoma wazee vitamini D dozi kubwa mara moja kwa mwaka wakisema ni ya mifupa na misuli. Hiyo je?

MamaFizio

Dada nesi, asante kwa maswali hayo.

La wodini, ndiyo, na ushahidi mzuri umetoka Pamplona, Uhispania, mwaka 2019. Wagonjwa 370 waliolazwa kwa maradhi ya ghafla, wastani wa umri miaka 87. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine, pamoja na huduma, walifanya mazoezi mara mbili kwa siku, dakika 20 kila mara: kuinuka kitini, kusukuma uzito kwa miguu, kutembea, kusimama bila kuyumba. Kipimo cha kujihudumia chenye alama 100 kilishuka kwa alama 5 kwa waliopata huduma ya kawaida. Kwa waliofanya mazoezi hakikushuka, kilipanda karibu alama 2. Huo ndio utafiti ambao ningependa ubandikwe ukutani kwenye kila wodi ya wakubwa nchini kwetu. Nesi anayemwamsha mgonjwa akae kitini wakati wa chakula anatibu, hata kama hakuna mahali pa kuandika kwenye faili.

Lakini nisikudanganye kwamba kila penye mazoezi zaidi pana faida zaidi. Kwa wagonjwa wa chumba cha mahututi wanaopumulia mashine, utafiti wa mwaka 2009 wa watu 104 ulionyesha kwamba walioanzishwa mapema, asilimia 59 walitoka hospitali wakiwa wanajitegemea, dhidi ya asilimia 35. Tukafurahi sana. Kisha mwaka 2022 likaja jaribio kubwa la watu 750, lililowaongezea mwendo zaidi ya ule ambao wodi nzuri tayari zinautoa. Siku za kuwa hai nje ya hospitali hazikuongezeka, na matukio mabaya yalikuwa asilimia 9.2 dhidi ya 4.1: moyo kwenda ovyo, presha kuyumba, oksijeni kushuka. Mimi naelewa hivi: mahututi aanze mapema, kidogo, na mtu mwenye ujuzi akiwa kando ya kitanda. Kumsukuma zaidi ya hapo kunaweza kumdhuru.

Vitamini D ya dozi moja kubwa, hapana. Australia walifanya jaribio kwa wanawake 2,256 wa miaka 70 na zaidi. Nusu walipewa yuniti 500,000 mara moja kwa mwaka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha walioipata walianguka kwa asilimia 15 zaidi na kuvunjika mifupa kwa asilimia 26 zaidi kuliko waliopewa dawa bandia. Mzee aliyepimwa akaonekana ana upungufu atibiwe kwa kipimo cha daktari. Asiyepimwa asichomwe.

BintiMuheza

Mama, nimesoma hadi machozi yamenilenga, Mungu akubariki. Tulimpima zahanati, kilo 48. Chakula: asubuhi uji wa mahindi na sukari, mchana ugali na mchicha, usiku wali kidogo au anakataa. Nyama hawezi kutafuna, meno hana. Tumejaribu kiti cha plastiki: mikono ikiwa kifuani hainuki kabisa, akijisukuma kwa mikono kwenye kiti anafika nusu, halafu anarudi. Na anaogopa kuanguka.

MamaFizio

Anafika nusu? Vizuri sana, hapo pana pa kuanzia.

Fanya hivi. Chukua kiti imara kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani kisiteleze. Weka juu yake blanketi zilizokunjwa mpaka kikao kiwe juu kiasi kwamba bibi anaweza kuinuka kwa shida lakini anaweza. Kiti kikiwa juu, paja linafanya kazi ndogo. Asogee mbele ya kiti, miguu irudi nyuma kidogo, kifua kiegemee mbele, pua ipite vidole vya miguu, kisha ainuke. Kukaa ni zoezi pia, ashuke polepole, asijitupe. Ainuke na kukaa mpaka ahisi kwamba amebakiza mara mbili au tatu tu za kuweza. Apumzike, kisha arudie. Akiweza mara kumi bila kuhema sana, toa blanketi moja. Zikiisha blanketi, ndipo mnahamia kiti kifupi zaidi, na baadaye kigoda. Huko kupandisha ugumu ndiko watu wengi wanakosahau: wanafanya zoezi lilelile jepesi miezi mitatu, halafu wanasema mazoezi hayasaidii.

La pili, mfuko wa mchanga. Shona kitambaa cha kaniki, tia mchanga nusu kilo, funga kifundo cha mguu, akae kitini anyooshe goti taratibu na kulishusha taratibu. Anapozoea, ongeza. Utafiti mkubwa wa LIFE wa Marekani, watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89, ulitumia uzito wa kufunga vifundoni pamoja na kutembea na mazoezi ya kusimama bila kuyumba. Baada ya wastani wa miaka 2.6, waliopoteza uwezo wa kutembea mita 400 walikuwa asilimia 30.1 kwa kundi la mazoezi na 35.5 kwa kundi lililopata mafunzo ya afya tu. Tofauti si ya miujiza na siipambi, lakini ni watu ambao bado wanafika sokoni wenyewe.

Siku tatu kwa wiki za mazoezi ya nguvu, na siku moja ya kupumzika katikati. Kutembea uani kila siku. Na asiache akipata nafuu: wale wa Boston wa mwaka 1990 walipoacha kwa wiki nne tu, walipoteza karibu theluthi ya nguvu.

Chakula sasa. Hapo nimeshtuka kidogo, maana uji wa mahindi na sukari, ugali, mchicha na wali protini yake ni ndogo mno. Wataalamu wa lishe ya wazee wanashauri gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili, na anayetoka kuugua anahitaji hata zaidi. Kwa kilo 48 lenga gramu 58 kwa kuanzia. Mayai mawili yana 12 hivi, kikombe cha maharage yaliyopikwa yakaiva hadi kupondeka 15, kikombe cha mtindi au maziwa 8, na gramu 30 za dagaa wakavu zinakupa karibu 18. Jumla 53, na nafaka anayokula itajazia. Dagaa wakaange bila mafuta, usage uwe unga, uchanganye kwenye uji na mchuzi, hahitaji meno. Hiyo elfu themanini itanunua mayai ya wiki nyingi. Kama aliwahi kuambiwa figo zina shida, muulize daktari kabla ya kuongeza protini.

Na choo, mwanangu, leo leo. Tafiti hizi nyingi zimepima kiti na ngazi, ila bibi wa Muheza ana mtihani mgumu zaidi. Mwite fundi atoboe kiti imara cha mbao katikati, kiwekwe juu ya tundu la choo, na apigilie mti wa kushikia ukutani upande wa mkono wake wenye nguvu. Aingie mwenyewe, wewe ubaki nje ya mlango. Akishajua kwamba hatavutwa na mtu, atarudi kunywa maji. Mzee asiyekunywa maji anapata kizunguzungu akisimama, na hapo ndipo anapoanguka.

KijanaWaTanga

Mama samahani nadandia. Mimi nina babu mwenye presha. Niliambiwa mwenye presha asinyanyue kitu kizito kabisa. Je, hiyo si hatari?

MamaFizio

Mjukuu, kwanza pima presha yake kabla ya kuanza. Ikiwa inadhibitiwa kwa dawa, mazoezi haya yanamfaa, na wengi wa wazee ninaofanya nao kazi wana presha. Ikiwa iko juu sana, au ana maumivu ya kifua, au anakosa pumzi akiwa amelala, au miguu imevimba upya, mpeleke kwa daktari kwanza.

Kinachopandisha presha ghafla ni kubana pumzi wakati wa kujikaza. Mfundishe atoe pumzi anapoinuka na kuivuta anapokaa. Njia rahisi ni kumwambia ahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, maana mtu anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi. Akimaliza asisimame papo hapo kwenda zake, akae kitini dakika moja mbili kwanza. Na dawa ya presha ameze kwa saa zake, asiiruke siku ya mazoezi.

BintiMuheza, mkishaanza nipe ripoti hapa: idadi ya blanketi, na mara ngapi anainuka. Akifika kiti kitupu, mpime muda wa kuinuka mara tano bila mikono. Zaidi ya sekunde 15 bado ni dhaifu, na nitakuambia cha kuongeza.